Kocha msaidizi aliyegeuka mzawa msimu wa nne: uchambuzi wa kisa cha vibali na uraia kwenye Football Manager

Wachezaji wanne, wawili wa Dodoma mjini na wawili wa Singida, wanaendesha sevu moja (mchezo uliohifadhiwa na kuendelezwa) ya Football Manager 2024, mchezo wa kompyuta wa kuongoza klabu za soka, kwa mtandao. Ligi Kuu ya Tanzania Bara haimo miongoni mwa ligi zinazochezeka kwenye mchezo wenyewe, hivyo waliiongeza kwa faili la kihariri (programu ya kubadilisha data za mchezo) walilopakua, wakalipachika, wakaanza Julai 2023. Mmoja akashika Dodoma Jiji, mwingine timu ya Singida, wawili waliobaki wakaenda klabu za Dar es Salaam. Walijiwekea kanuni moja tu ya benchi la ufundi: kila klabu isizidi wageni wawili. Kanuni hiyo si ya TFF, ni yao wenyewe, na walifikiri ingetosha.

Aliyeshika Dodoma Jiji aliajiri watu watatu ndani ya wiki ya kwanza: kocha msaidizi Mkongo, kocha wa viungo Mrundi, na kocha wa makipa kutoka Unguja. Wote wakaanza kazi siku hiyohiyo. Januari 2025 timu ya Singida ikamchukua yule Mrundi, na mechi iliyofuata siku mbili baadaye alikuwa tayari na timu mpya. Kisha Julai 2026, mwanzoni mwa msimu wa nne, ikaingia taarifa kwenye kikasha cha habari cha Dodoma Jiji kwamba kocha msaidizi amepata uraia wa Tanzania. Meneja hakulaza damu: siku ya pili yake akamsajili kocha Mkenya, kwa hoja kwamba nafasi ya mgeni imefunguka. Ndipo vuta nikuvute ilipoanza. Singida wakasema Dodoma wana wageni watatu tangu siku ya kwanza, maana wa Unguja anaonekana na bendera ya Zanzibar. Dodoma wakajibu kwamba Singida ndio waliovunja utaratibu kwa Mrundi. Sevu ikasimama.

Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande ulichanganya mambo matatu ambayo kwenye soka halisi yana ofisi tatu na masharti matatu: kibali cha kufanya kazi, uraia, na leseni ya ukocha. Mtu anaweza kuwa na viwili akakosa cha tatu, na bado asikae kwenye benchi. Mchezo hauyatenganishi kwa namna inayolingana na Tanzania, kwa hiyo kundi linalotaka sevu yenye uhalisia lazima liyatenganishe lenyewe.

Tuanze na wa Unguja, kwa sababu ndiye aliyeonewa.

Zanzibar ina chama chake cha soka na ina Zanzibar Heroes inayocheza mashindano ya CECAFA. Machi 2017 CAF iliipa uanachama kamili, na Julai mwaka huohuo ikaufuta. Si mwanachama wa FIFA. Kanzidata za michezo ya soka hupangwa kwa timu za taifa, si kwa hati za kusafiria, hivyo zinapoiweka Zanzibar kama taifa, kila aliyezaliwa huko anaweza kusajiliwa kama raia wake. Kisheria hakuna uraia wa Zanzibar ulio kando na wa Tanzania. Uraia ni jambo la Muungano. Kocha wa Unguja akihamia Dodoma haombi kibali chochote. Mfano ulio wazi ni Hemed Suleiman, maarufu Morocco: aliiongoza Zanzibar Heroes hadi fainali ya Kombe la Challenge 2017, kisha Januari 2024 akaichukua Taifa Stars katikati ya AFCON kule Côte d'Ivoire baada ya kocha Adel Amrouche kusimamishwa. Faili ambalo lingemhesabu mtu kama huyo kuwa mgeni Tanzania Bara lina kasoro, na kasoro hiyo isimgharimu meneja.

Dawa yake ni ya dakika chache. Kwenye kihariri cha kabla ya mchezo, ambacho ni cha bure na hupakuliwa kutoka sehemu ya zana kwenye maktaba ya Steam (duka la mtandaoni la michezo), fungua rekodi ya mtu, weka Tanzania kuwa taifa la kwanza na Zanzibar kuwa taifa la pili. Mji wa kuzaliwa uache ulivyo. Usifute Zanzibar kabisa, maana ukiifuta kwa makocha na wachezaji wote Zanzibar Heroes itabaki tupu na mchezo utaijaza kwa majina ya kubuni. Hifadhi faili kwenye folda ya editor data iliyo ndani ya folda ya mchezo, chini ya Sports Interactive. Mabadiliko ya kihariri hiki hayaigusi sevu iliyokwisha kuanza. Wengi huhariri, hufungua sevu yao ya zamani, hawaoni kitu, kisha huhariri tena wakidhani walikosea. Hawakukosea. Faili husomwa mara moja tu, wakati sevu mpya inapoanzishwa.

Kwa Mkongo kuna tahadhari ndogo kabla ya kuingia kwenye uraia wake. Kwenye orodha ya mataifa kuna Kongo mbili zinazofuatana kwa majina. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kongo ya Brazzaville haimo. Kundi likitaka kuwapa raia wa Jumuiya unafuu wowote, chaguo moja baya kwenye orodha hiyo huvuruga hesabu nzima.

Na kuhusu unafuu huo, wazo lililotolewa na mmoja wa wachezaji wa Dar es Salaam lilikuwa kutumia sehemu ya mikataba ya mataifa ndani ya kihariri, ile inayowezesha raia wa Umoja wa Ulaya kutohesabiwa wageni, ili kuiunda Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mtindo uleule. Wazo linavutia lakini halilingani na hali ilivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ila haikufuta kibali cha kazi kwa Tanzania. Mkenya, Mrundi au Mganda anayekuja kufundisha Dodoma bado anahitaji kibali. Mkataba wa namna hiyo ukiwekwa kwenye faili, mchezo utawafanya makocha na wachezaji wa nchi nyingine saba kuwa wazawa, na soko la ndani litakufa ndani ya misimu miwili, kwa kuwa klabu zenye fedha zitabeba wote.

Sasa kibali chenyewe. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015. Mwombaji ni mwajiri, si kocha. Maombi huenda kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa kando na Idara ya Uhamiaji. Kwa hiyo ni vibali viwili, si kimoja. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 kwa mara moja, kikiwa na nafasi ya kuongezwa hadi ukomo uliowekwa. Kimefungwa kwa mwajiri na kwa kazi iliyotajwa. Na kuna sharti ambalo wachezaji wa michezo hii hulisahau kabisa ilhali ndilo lenye utamu mwingi zaidi kiuchezaji: mwajiri anatakiwa kuwa na mpango wa kurithisha ujuzi, yaani aonyeshe ni Mtanzania gani anaandaliwa kuchukua nafasi hiyo.

Ukiyapeleka haya kwenye sevu, kesi ya Mrundi inajihukumu. Kibali chake kilikuwa cha Dodoma Jiji. Alipohamia Singida kilikoma, na Singida walipaswa kuanza upya. Kwamba miji hiyo ni jirani, basi la asubuhi linakufikisha kabla ya saa sita mchana, hakubadilishi chochote. Kilichobadilika ni mwajiri. Mechi aliyofanya kazi siku mbili baadaye alifanya bila kibali.

Mchezo hauna kitufe cha kumsubirisha kocha, lakini unao uwezo wa kumfanya akae bila kazi, na hilo linatosha. Kanuni iliyopendekezwa kwa kundi hili ni wiki sita za mchezo tangu siku ya kusaini hadi siku ya kuanza. Muda huo ni wa kundi, haukunukuliwa kwenye sheria. Umechaguliwa kwa sababu unauma vya kutosha bila kuharibu msimu. Anayesaini katikati ya Juni anakuwa tayari ligi inapoanza Agosti. Anayesaini mwishoni mwa Julai anakosa maandalizi yote na mechi za mwanzo.

Namna ya kutekeleza kusubiri huko inategemea kazi ya mtu. Kocha wa viungo au wa makipa anaondolewa kwenye jedwali la mazoezi: fungua ukurasa wa mazoezi, nenda kwenye orodha ya makocha, mwondolee kila kategoria aliyopewa. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wanamwondoa leo, baada ya siku chache anaonekana amerudi. Sababu ni kwamba kazi ya kupanga makocha imekabidhiwa msaidizi, na msaidizi hupanga upya kila anapoona kategoria ina pengo. Ingia kwanza kwenye ukurasa wa majukumu ya watumishi, ichukue kazi hiyo iwe ya meneja mwenyewe, ndipo umwondoe. Utaona mara moja nyota za ubora wa mazoezi zikishuka na mzigo wa kazi wa makocha waliobaki ukipanda. Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa kusajili, na ni gharama halali.

Kocha msaidizi ni mgumu zaidi kwa sababu mchezo humtupia kila kitu kisicho na mwenyewe: mkutano na wanahabari, mechi za kirafiki, mazungumzo ya mikataba ya vijana, ripoti za wapinzani. Kila kimoja kipewe mtu mwingine au kirudishwe kwa meneja hadi wiki sita ziishe. Ushauri wake wakati wa mechi hauzimiki wote. Kundi likubaliane kwamba hautafuatwa, na kwa kuwa mnacheza pamoja, kuaminiana ndiko kunakobaki.

Mpango wa kurithisha ujuzi unageuka kuwa sharti hili: kila mgeni kwenye benchi awe na mzawa katika idara ileile, mwenye mkataba usioisha kabla ya mkataba wa mgeni. Ukimsajili kocha wa makipa Mganda na huna Mtanzania yeyote anayefundisha makipa, maombi yamekataliwa. Baada ya miezi 24 meneja anaonyesha kitu kimoja kati ya viwili ili aongezewe: yule mzawa amepanda leseni walau ngazi moja, au amepandishwa cheo. Mchezo unaruhusu kuomba bodi igharamie kozi ya ukocha kwa mtumishi, na bodi ya klabu ndogo hukataa mara nyingi. Hapo klabu kama Dodoma Jiji italazimika kuwaza mapema, iombe kozi mwaka wa kwanza, ikikataliwa iombe tena, badala ya kungoja mwezi wa ishirini na tatu. Kwa maoni ya uchambuzi huu, kanuni hii moja inaipa sevu ya Tanzania uhai kuliko zote, kwa sababu inakulazimisha kuwajua makocha wazawa ambao vinginevyo usingefungua hata kurasa zao.

Kwa wanaouliza kwa nini wasinakili tu utaratibu wa Uingereza, ambao wanaufahamu kutoka sevu nyingine: kule msingi ni tofauti. Tangu Januari 2021 chama cha soka cha England hutoa idhini kwa mchezaji kwa alama, 15 zikiwa ndizo za kupita, na kwa kocha huangaliwa alifundisha wapi, miezi 24 mfululizo au 36 kwa jumla ndani ya miaka mitano kwenye ligi zinazotambuliwa. Utaratibu huo unauliza mtu ana hadhi gani. Wa Tanzania unauliza mwajiri kwa nini asiajiri mzawa na lini atamwajiri. Ukiuleta wa England Dodoma, hakuna kocha wa Burundi atakayepita kamwe, na hilo halifanani na ligi tunayoifahamu.

Turudi kwa Mkongo na taarifa ya Julai 2026. Kwenye rekodi ya kila taifa ndani ya kihariri kuna namba ya miaka ambayo mtu huishi kabla ya kupata uraia. Faili walilopakua lilikuwa na 3. Aliingia Julai 2023, akahitimu Julai 2026, mchezo ukampa. Haukukosea, ulitii namba.

Namba ndiyo isiyo sahihi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa tajinisi, yaani uraia wa kuomba, awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi inayotangulia miezi hiyo awe ameishi kwa jumla ya miaka saba. Kiwango cha chini kwa aliyekaa bila kutoka ni miaka minane. Weka 8 kwenye rekodi ya Tanzania. Kumbuka namba hiyo inawagusa wachezaji pia, si makocha peke yao, na hilo ni jambo jema: mapro wa kigeni hawatageuka wazawa katikati ya mkataba wa pili.

Kuna kitu cha pili ambacho namba haiwezi kurekebisha. Mchezo unapompa mtu uraia humwongezea taifa la pili na kumwachia la kwanza. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayepewa tajinisi anaukana ule wa awali. Kwa mchezaji kijana wa Kongo mwenye ndoto ya kuichezea nchi yake, huo ni uamuzi mzito. Kwenye sevu inapendekezwa kwamba taarifa ya uraia ikiingia baada ya miaka minane, meneja atangaze ndani ya wiki moja kama mtu wake anaupokea au anaukataa. Akiupokea anahesabiwa mzawa, na taifa la awali linafutwa kwa kihariri cha ndani ya mchezo. Akiukataa anabaki mgeni hadi atakapostaafu. Kihariri hicho cha ndani hununuliwa kando, na kama wakati wa kuanzisha sevu mliweka alama ya kukizuia hamtaweza kukitumia. Katika hali hiyo andikeni kwenye daftari na mliheshimu.

Wa Singida walileta hoja ya nguvu hapa, na walikuwa na haki ya kuileta, maana ilitokea kwao. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Côte d'Ivoire na Guinea, walitangazwa kupewa uraia wa Tanzania, nao hawakuwa wamefikisha miaka minane nchini. Mjadala ulikuwa mkali nchi nzima. Sheria ina vifungu vinavyompa waziri mamlaka ya kutazama mazingira ya pekee, hivyo njia fupi ipo. Je, sevu iwe nayo? Inaweza, mradi iwe finyu: tajinisi moja ya pekee kwa ligi nzima, si kwa klabu, kila baada ya misimu mitatu, ikiamuliwa kwa kura ya wachezaji wengine ambao hawanufaiki nayo. Ikiachwa wazi kwa kila klabu, kanuni ya wageni inakuwa haina maana tena.

Pia isisahaulike kwamba uraia wa klabuni hautoshi kwa timu ya taifa. FIFA inamtaka mchezaji aliyepata uraia mpya bila nasaba na nchi hiyo awe ameishi humo walau miaka mitano, au mitatu kama alianza kuishi humo kabla ya kutimiza miaka 10. Kwa kocha sharti hilo halipo kabisa. Emmanuel Amunike, Mnigeria, aliipeleka Taifa Stars AFCON ya 2019 kule Misri bila kuwa Mtanzania. Meneja anayehangaika kumpatia kocha wake uraia ili aje apewe Taifa Stars anajisumbua bure.

Leseni ilikuwa haijagusa kundi hili bado, lakini itawagusa wakifika mashindano ya Afrika. Mchezo hukuruhusu kukaa kwenye benchi bila leseni yoyote. Hupungukiwa hadhi tu. CAF haina upole huo. Mwaka 2021 Didier Gomes da Rosa alikuwa kocha wa Simba, ana mkataba, anafanya kazi, ila leseni yake haikutosha kwa masharti ya CAF, na klabu ikalazimika kumtafuta Thierry Hitimana aliyetimiza vigezo. Kwenye kanzidata leseni zinapanda kutoka ya taifa C hadi ya bara Pro. Kanuni rahisi: mechi za CAF, aliyeandikwa kocha mkuu awe na ya bara A au Pro. Na meneja mwenyewe, yule aliyejiumba mwanzoni mwa sevu kwa kuchagua uraia, historia ya kucheza na ngazi ya leseni, aingie kwenye masharti haya kama mwingine yeyote. Mchezo hautamwomba kibali hata akijisajili kama Mbrazili. Kundi limwombe.

Uamuzi kwa kisa hiki basi ni huu. Kocha wa makipa ni Mtanzania tangu Julai 2023 na malalamiko juu yake yanafutwa. Kocha msaidizi Mkongo anabaki mgeni hadi Julai 2031, taarifa ya kikasha isihesabiwe. Kwa kuwa Mrundi aliondoka Januari 2025, Dodoma Jiji walikuwa na mgeni mmoja tu walipomsajili Mkenya. Hivyo Mkenya ni wa pili na anaruhusiwa, kinyume na hoja za pande zote mbili, ambazo zilisahau kumtoa aliyeondoka kwenye hesabu. Ila akae wiki sita bila kazi kuanzia siku ya kusaini, na Dodoma waonyeshe mzawa wa idara yake. Singida hawanyang'anywi pointi za mechi ile ya 2025, kwa sababu kanuni ya vibali haikuwepo. Mrundi wao anaandikiwa kibali kipya kinachoanza leo, miezi 24, na wanamtaja mrithi wake kabla ya mechi ijayo.

Daftari la kundi liwe jedwali moja la pamoja lenye safuwima hizi: jina, uraia, kazi, klabu, siku ya kusaini, siku ya kuanza, siku kibali kinapoisha, mrithi, leseni ya mrithi. Mtu mmoja alijaze, mwingine alikague kila dirisha linapofungwa. Na kwa kuwa namba ya miaka haibadiliki ndani ya sevu hii, faili jipya lenye 8, lenye Wazanzibari waliorekebishwa, liandaliwe sasa kwa ajili ya sevu ijayo. Kabla ya kulitumia, mmoja wao aanzishe sevu ya majaribio, ampeleke meneja likizo ya misimu tisa mfululizo, kisha afungue makocha wageni kumi wa ligi aone nani amepata uraia na mwaka gani. Akitokea yeyote aliyeupata kabla ya mwaka wa nane, faili lina rekodi nyingine inayogongana na hiyo, mara nyingi kutoka faili la pili lililoachwa kwenye folda ileile. Liondoeni, mjaribu tena.